Lugha Nyingi Hazimfungi Mtoto Ulimi

Kuna swali ambalo kina mama wa Kitale huniuliza asubuhi wanapokuja kuwaacha watoto shuleni, na jioni naulizwa lilo hilo na jamaa zangu wa Mombasa kwa simu. Wa huku husema, "Mwalimu, huyu ametimiza miaka miwili na hasemi. Si ni kwa sababu nyumbani tunamchanganyia lugha?" Wa Mombasa nao husema, "Mwanangu, huyo mtoto mtamvuruga. Mpeni lugha moja kwanza, nyingine atazikuta mbele." Maneno ni mbalimbali lakini dhana ni moja, kwamba kichwa cha mtoto ni kama kikapu kidogo, na ukitia lugha ya pili ile ya kwanza itamwagika.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku bara na Mbukusu wa Bungoma, na huu ni mwaka wa tisa nikifundisha watoto wa chekechea. Naliandika jambo hili kwa wasomaji wa Pwani kwa sababu wengi wenu mna watoto na wajukuu waliotawanyika bara na ughaibuni. Isitoshe, swali lenyewe liko hata mlangoni mwenu. Nyumba ya Kilifi yenye Kigiriama na Kiswahili, ya Kwale yenye Kidigo, ya Lamu yenye Kiamu na Kibajuni, ya Mji wa Kale yenye Kiarabu cha babu na Kikachi cha jirani, zote zimo humu.

Kwanza niwaonyeshe mahali, maana pengine wengi hawajafika. Ukitoka mjini Kitale ukapita Endebess, safari ya takriban kilomita 45, unafika Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mto uliopa mahali hapo jina unatoka Mlima Elgon, na ukifika chini kwenye nchi kavu ya kaskazini ndio huo unaoitwa Turkwel. Upande huu wa mto wako Wasabaot, ng'ambo wako Wasebei, na lugha zao ni ndugu kiasi cha kuelewana. Katikati yao wako Wabukusu, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu waliokuja na mashamba, na wafanyabiashara kutoka kila pembe. Ukishuka upande wa Bungoma unawakuta Wabukusu wengi zaidi, Watachoni, Wateso, na tena Wasabaot wa mlimani. Gunia la mahindi huuzwa kwa Kiswahili, ugomvi wa nyumbani huenda kwa lugha ya nyumbani, na shule hutaka Kiingereza. Mtoto anayezaliwa hapa huzipata tatu kabla hajaota meno yote. Na wengi wao, ukiwasikia wakicheza wakiwa na miaka minne, wanazisema zote bila kuombwa. Mtu anayeamini kwamba lugha nyingi humchelewesha mtoto ningependa aje akae nao siku moja tu.

Kwa hivyo jibu fupi ni hapana. Kulelewa kwa lugha mbili au tatu hakumfanyi mtoto achelewe kusema, na watafiti wa lugha ya watoto wamelikagua jambo hili kwa miongo mingi na katika nchi nyingi. Lakini jibu hilo lina mkia wake, na mkia ndio ulionifanya nishike kalamu. Nitaufikia.

Kazi ya lugha huanza mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2010 watafiti wa Vancouver, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto waliozaliwa siku chache tu nyuma. Baadhi ya mama zao walikuwa wakisema Kiingereza pekee, wengine Kiingereza na Kitagalogi cha Ufilipino katika muda wote wa mimba. Mtoto mchanga hana namna ya kujibu maswali, ila hunyonya kwa nguvu zaidi akisikia kitu kinachomvutia, na kunyonya huko kukapimwa. Wale wa Kiingereza peke yake walivutiwa na Kiingereza. Wale wa mama wa lugha mbili walivutiwa na zote mbili, na juu ya hayo wakaweza kuzitenga, wakajua hii ni hii na ile ni ile. Hizo ni siku za mwanzo kabisa duniani. Basi huyo tunayeogopa kumchanganya alikwisha kuzipanga mapema.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa Pwani tutalielewa upesi kuliko wengine. Kimvita na Kiamu zina t mbili, moja ulimi unagusa meno na nyingine ulimi unagusa ufizi juu kidogo. Tuna pia paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa baharini, ambayo mzee wa Mombasa huyatofautisha kwa pumzi tu, na kwenye karatasi huandikwa sawasawa. Mtu wa bara akisikia hudhani ni neno moja. Mwaka 1984 Janet Werker na mwenzake Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane wanaolelewa kwa Kiingereza waliweza kuzitenga t mbili za Kihindi, ambazo mama zao hawakuwa wakizisikia hata kidogo. Wakifika miezi kumi hadi kumi na miwili, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Sikio lilikuwa limeshaanza kuchagua sauti za kwao na kuziacha za wengine. Aliyezisikia sauti hizo kila siku hubaki nazo. Kwa hivyo bibi wa Mombasa anayesema "nitazungumza naye akikua" ajue kuna mlango ambao huanza kurudishwa mapema, ingawa haufungwi ukatiwa kufuli. Mwanangu huisikia b ya Kibukusu, ile laini ambayo midomo haigusani, kutoka kwa bibi yake wa Bungoma, na b yetu nzito kutoka kwangu. Yeye huziweka kila moja mahali pake. Mimi nimejaribu miaka tisa na wifi zangu bado wananicheka.

Lahaja nazo huhesabika hapa. Mamangu akipiga simu humwita mjukuu, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Kiswahili cha Kitale ni cha shule na cha soko, na huku neno hilo lina maana moja tu, ya chombo cha maji. Mara ya kwanza mtoto alikwenda jikoni akaja na ndoo. Tulicheka sote, lakini wiki mbili baadaye akiitwa hivyo na sauti ya bibi alikuja mikono mitupu, na mimi nikimwambia alete ndoo alileta ndoo. Alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Sasa tuje kwenye kuhesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea, hata wahudumu wa afya. Kwa kawaida mtoto hutamka neno lake la kwanza lenye maana karibu na mwaka mmoja, huyu mapema kidogo na yule akikawia miezi michache. Akifika miaka miwili hutarajiwa awe na maneno kama hamsini na aanze kuyaunga mawili mawili: "baba kuja", "taka maji". Matarajio hayo ni yale yale kwa mtoto wa lugha moja na wa lugha tatu, kwa sharti moja. Uhesabu lugha zote.

Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minane nilibandika karatasi kwenye mlango wa jikoni, na kila mtu wa nyumbani akawa anaandika neno alilolisikia. Mwisho wa juma tulikuwa na maneno kumi na tisa ya Kiswahili, kumi na manne ya Kibukusu na saba ya Kiingereza. Mtu anayejua Kiswahili peke yake angesema mtoto huyu ana maneno kumi na tisa, yuko nyuma. Bibi yake wa Bungoma, kwa hesabu yake mwenyewe, angesema kumi na manne, afadhali apelekwe hospitali. Lakini ni arubaini. Na hata arubaini ina hesabu ndani yake, kwa sababu "maziwa" na "kamabeele" ni kitu kimoja kwa majina mawili. Ukitaka kujua ametamka majina mangapi, unahesabu yote. Ukitaka kujua anaelewa na kutaja vitu vingapi, maziwa na kamabeele unavihesabu mara moja. Hesabu zote mbili ni halali. Isiyo halali ni ile ya lugha moja pekee, na bahati mbaya ndiyo inayofanywa zaidi, kwa sababu anayehesabu huwa anajua lugha moja kati ya zile za mtoto.

Sisi wa Pwani tuna bahati katika jambo hili. Kilifi, ambako KEMRI na washirika wake wa Wellcome wamefanya utafiti wa afya kwa miaka mingi, ndiko kulikotengenezwa orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kigiriama na kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliongozwa na Katie Alcock na kuchapishwa mwaka 2015. Mzazi huulizwa maneno ambayo mtoto wake anayaelewa na anayoyasema, na jambo lililonipendeza ni kwamba wazazi wasiojua kusoma waliulizwa kwa mdomo na majibu yao yakaonekana ni ya kuaminika. Mama asiyejua a wala be anamjua mwanawe. Orodha kama hizo zilianza kwa Kiingereza cha Marekani, na hazifai kutafsiriwa tu, kwa sababu mtoto wa Ganze hana haja ya neno la theluji. Ana haja ya kuku, sufuria na jembe.

Kitu kingine kinachowatisha wazazi ni mtoto kuchanganya. "Kukhu, nipe kamabeele" ni sentensi ambayo mwanangu aliisema kwa muda mrefu, bibi wa Kibukusu mwanzoni, Kiswahili katikati, maziwa ya Kibukusu mwishoni. Watu husema, mwaona, amechanganyikiwa. Lakini sikiliza watu wazima wa Kitale wakizungumza dakika tano, uhesabu ni mara ngapi wanavuka kutoka lugha moja hadi nyingine, kisha uniambie mtoto amejifunza wapi. Anasema kama anavyosikia. Zaidi ya hayo, huazima neno pale ambapo la lugha nyingine bado hana, kama jirani anavyoazima chumvi. Huko Montreal, mwaka 1995, Fred Genesee na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa karibu miaka miwili waliolelewa kwa Kifaransa na Kiingereza. Waligundua kwamba walitumia Kifaransa zaidi kwa mzazi wa Kifaransa na Kiingereza zaidi kwa mzazi wa Kiingereza, na katika uchunguzi uliofuata, hata wakikutana na mgeni watoto walijaribu kumfuata kwa lugha yake. Mtu aliyechanganyikiwa hachagui hivyo.

Na kuna makosa ya mtoto ambayo si makosa ya lugha nyingi hata kidogo, ni njia ya Kiswahili chenyewe. Kamil Deen, aliyewachunguza watoto wa Nairobi na kuandika kitabu mwaka 2005 kuhusu namna Kiswahili kinavyojifunzwa, alionyesha kwamba watoto wadogo huangusha viambishi vya mwanzo vya kitenzi. Wapi "nitakula", mtoto husema "takula", au "kula" tu. Mama mmoja aliniletea mwanawe akisema Kipokot kimemharibia Kiswahili kwa sababu anasema "taka lala". Nilimwambia awasikilize watoto wa Mombasa wasiojua hata Pokot iko wapi.

Sasa niwaambie kilichonikasirisha. Katika nyumba yetu mavyaa wangu ndiye aliyekuwa akikaa na mtoto nikiwa kazini. Alimwimbia, alimpigia hadithi, alimtajia kila kuku na kila jani kwa Kibukusu. Kisha mhudumu mmoja wa afya, ambaye sitamtaja wala mahali alipokuwa, aliposikia mtoto analelewa kwa lugha tatu akatuambia tuchague moja, na ikiwezekana iwe Kiingereza kwa ajili ya shule. Mavyaa alikuwepo. Kiingereza chake ni cha salamu. Tukarudi nyumbani, na kwa siku kadhaa yule mama aliyekuwa hanyamazi akawa anamwosha mtoto kimya, anamlisha kimya, akiogopa asije akamwharibu mjukuu kwa lugha yake mwenyewe. Mimi na mume wangu tulimketisha tukamwomba aendelee kama zamani, na akaendelea. Lakini najua nyumba kadhaa, Kitale hapa na Bungoma, ambazo ushauri huo ulifuatwa. Matokeo yake hayakuwa mtoto kusema haraka. Matokeo yalikuwa mtoto kusemeshwa kidogo zaidi, kwa Kiingereza kilichopungukiwa, na watu wasiokiota ndotoni.

Maana kinacholisha lugha ya mtoto ni kusemeshwa. Wingi wake, na uzuri wake. Bibi anayemsimulia sungura na fisi kwa lugha anayoimiliki humpa mtoto sentensi ndefu, mafumbo, mabishano, kicheko. Bibi huyo huyo akilazimishwa Kiingereza humpa "come", "sit" na "no". Mtoto aliyejua vizuri kusimulia kwa lugha moja huupeleka ujuzi ule kwenye lugha nyingine, kama fundi anayehama mji na vyombo vyake.

Wapo wanaosema, basi tuweke kanuni, kila mtu na lugha yake. Kanuni hiyo ni kongwe. Mwaka 1913 Mfaransa Jules Ronjat alichapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis, aliyesemeshwa Kifaransa na babake na Kijerumani na mamake, kila mmoja bila kuvuka mpaka, na mtoto akazijua zote mbili vizuri. Inafaa kwa wanaoiweza. Lakini si faradhi. Annick De Houwer wa Ubelgiji alikusanya majibu ya familia takriban 1,900 huko Flanders na kuyachapisha mwaka 2007. Kila mzazi kubaki na lugha yake hakukutosha kumhakikishia mtoto lugha mbili, wala hakukuwa lazima. Mtoto mmoja kati ya wanne katika familia hizo hakuwa akisema lugha ile ya wachache, ingawa aliisikia nyumbani. Iliyopotea si kwa sababu mtoto alishindwa, ni kwa sababu ilikuwa ikisemwa kwa uchache kuliko ile ya mtaani. Hapo Waswahili wa Kitale tuangalie. Kiswahili cha soko hakipotei huku. Kinachopotea ni kile chetu cha nyumbani, na kwa majirani zangu ni Kisabaot na Kibukusu, kimoja baada ya kingine, nyumba kwa nyumba.

Katuni hazihesabiki kama kusemeshwa, na hili nalisema kwa wale wanaompa mtoto simu wakisema anajifunza Kiingereza. Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle waliwaletea watoto wa Kimarekani wa miezi tisa watu wanaosema Kichina, vikao kumi na viwili vya kucheza na kusomewa vitabu. Watoto wakaanza kuzitambua sauti za Kichina. Kundi jingine likaonyeshwa watu hao hao na maneno hayo hayo kwenye runinga. Halikujifunza kitu. Hiyo ilichapishwa mwaka 2003. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili asizidi saa moja kwa siku. Simu ya video na bibi wa Mombasa ni jambo jingine, maana bibi hujibu.

Huu sasa ndio mkia niliousema. Kwa kuwa watu wameamini kwamba lugha nyingi humchelewesha mtoto, mtoto anayechelewa kweli, kwa sababu nyingine, hukaa bila kuangaliwa. Kila mtu husema, "Mwacheni, ni lugha tu, atasema." Karibu na Endebess kuna mtoto aliyefika miaka mitatu akiwa na maneno matano au sita. Nyumbani kulikuwa na Kisabaot na Kiswahili, na kila aliyeulizwa alitoa jibu hilo hilo. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha mara kwa mara tangu akiwa mchanga, ukikauka unarudi. Aliyegundua ni dada yake wa darasa la tatu, aliyeona kwamba mdogo wake hugeuka akiitwa kwa mbele na hageuki akiitwa kwa nyuma. Alipopimwa ikaonekana husikia kwa shida masikio yote mawili. Miaka miwili mizima ilipita lawama ikiwa juu ya lugha, na lugha haikuwa na kosa.

Kwa hivyo mtoto wa lugha nyingi akichelewa, tafuta sababu kama ambavyo ungeitafuta kwa mtoto wa lugha moja. Sikio ndilo la kwanza. Uliza pia kama aliwahi kupata malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, kama alizaliwa kabla ya wakati, kama alipata manjano kali alipozaliwa. Watafiti wa Kilifi walikwisha kuonyesha kwamba malaria kali yaweza kuacha athari kwenye usemi na kumbukumbu za mtoto muda mrefu baada ya homa kuondoka, na Kilifi si mbali na kwenu. Wapo watoto ambao hawatazami uso wa mtu, hawaonyeshi kitu kwa kidole, wanacheza kwa namna yao peke yao. Hao nao waonwe mapema. Na wapo wanaochelewa bila sababu inayoonekana, kisha wakashika kasi. Lakini hakuna anayeweza kujua mtoto wako ni yupi kwa kumtazama tu mlangoni.

Usingoje miaka mitatu. Mtoto wa miezi tisa ambaye hatoi zile sauti za ba-ba-ba wala da-da-da, au hashtuki kwa kelele, apelekwe. Wa mwaka na robo ambaye haonyeshi kwa kidole wala hapungi mkono, apelekwe. Wa mwaka na nusu asiye na neno hata moja katika lugha yoyote, na wa miaka miwili asiyeunga maneno mawili katika lugha yoyote, hali kadhalika. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa akisema kisha akaacha, huyo apelekwe wiki hiyo hiyo. Sisitizo liko kwenye "lugha yoyote". Asiyesema Kiswahili lakini anasema Kibukusu hajachelewa, anakaa na bibi Mbukusu.

Mzazi mwingine atampeleka mtoto kwingine. Kuna wanaokatwa kidakatonge, au kimeo kama wengine wakiitavyo, ili ulimi ufunguke. Kile kinyama cha kooni hakina kazi yoyote katika kuchelewa kusema, na kukikata kwa wembe huleta kuvuja damu na maambukizi yaliyowahi kuua watoto. Mtoto ambaye ulimi wake umeshikwa chini na utando anaweza kupata taabu ya kunyonya, au ya sauti chache akishaanza kusema, lakini utando huo haumfanyi asijue maneno. Hayo ayaamue daktari.

Pa kwenda papo. Anza na kliniki ya mama na mtoto unapokwenda kwa chanjo. Kile kijitabu cha mama na mtoto kina ukurasa wa ukuaji ambao aghalabu hubaki mtupu, kwa hiyo mwombe muuguzi aujaze. Omba rufaa ya kupimwa masikio katika hospitali ya kaunti, iwe Kitale, Bungoma au kwenu Mombasa. Zipo pia afisi za EARC, vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vilivyoanzishwa na wizara ya elimu tangu mwaka 1984, na si lazima mtoto awe ameanza shule ndipo apokewe. Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha ni wachache nchini, wengi wako miji mikubwa, na huenda ukasubiri. Wakati unasubiri endelea kumsemesha mtoto kwa lugha zote za nyumbani, polepole, ukimtazama usoni.

Ukienda, nenda na karatasi. Andika maneno yote anayoyasema katika kila lugha, na pembeni umwandike anayemsemesha lugha hiyo na kwa saa ngapi kwa siku. Kama bibi ndiye anayekaa naye, nenda na bibi. Ukiambiwa uchague lugha moja, uliza kwa adabu kama masikio ya mtoto yameshapimwa, na usiondoke mpaka uandikiwe tarehe ya kupimwa.